Kulinda kura bila kuwa na chama: historia ya Marafiki wa Burundi na Kenya



Hapa mjini Juba neno uchaguzi liko kwenye kila kibanda cha chai. Uchaguzi mkuu wa kwanza tangu nchi hii ipate uhuru tarehe 9 Julai 2011 umeahirishwa zaidi ya mara moja, na Septemba 2024 serikali ilitangaza kuusogeza hadi Desemba 2026. Wenyeji wana maswali yao. Sisi wakimbizi tuna letu: hapa hatupigi kura, lakini mambo yakiharibika tunaumia kama wote, na mara nyingine sisi ndio tunaanza kunyooshewa kidole. Na tukumbuke kwamba wengi wetu hatukuja hapa kutembea. Kuna waliotoka Burundi, Kongo, Sudan, Ethiopia, na kwa baadhi yao safari ilianza na uchaguzi ulioharibika.

Sasa mtu asiye na kura wala chama anaweza kufanya nini ili uchaguzi upite salama? Kuna watu wa ukanda wetu ambao wamehangaika na swali hilo kwa zaidi ya miaka 30. Ni Wakristo wanaoitwa Marafiki, au Quaker. Tuone walifanya nini, wapi walifaulu na wapi walishindwa.

Kwanza, ni kina nani hawa? Walianza Uingereza katikati ya miaka ya 1600, wakiwa na mhubiri aitwaye George Fox. Jina Quaker, yaani wanaotetemeka, walipewa kwa dhihaka. Wenyewe walijiita Marafiki. Mwaka 1660 walimwandikia Mfalme Charles II kwamba hawatapigana kwa silaha kwa sababu yoyote ile, na msimamo huo wameushika tangu hapo. Mwaka 1947 mashirika yao mawili ya misaada, moja la Uingereza na moja la Marekani, yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Afrika Mashariki walifika mwaka 1902. Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walifungua misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani. Halafu mwaka 1934 yule Chilson na mkewe wakaenda Burundi na kuanzisha misheni nyingine mahali panapoitwa Kibimba. Shikeni jina hilo.

Juni 1993 Burundi ilichagua rais kwa mfumo wa vyama vingi kwa mara ya kwanza. Melchior Ndadaye alishinda, akaapishwa Julai, na tarehe 21 Oktoba wanajeshi wakamuua. Habari zilipofika milimani, mauaji yakaanza. Pale Kibimba wanafunzi Watutsi wa shule ya sekondari waliingizwa kwenye jengo la kituo cha petroli, wakachomwa moto. Kisha kisasi kikawaangukia Wahutu. Watutsi waliobaki wakakaa kambini karibu na misheni chini ya ulinzi wa jeshi, Wahutu wakakaa milimani. Shule ikafungwa. Wanaopita barabara hiyo leo wanauona mnara wa kumbukumbu.

Angalieni mfuatano wa mambo. Siku ya kura yenyewe ilikwenda vizuri. Watu walipanga foleni, wakapiga kura, wakahesabu. Kilichoua ni miezi iliyofuata, ambapo waliokosa madaraka hawakukubali, na kule kijijini hapakuwa na mtu wa kuwaambia majirani: ngojeni, tukae kwanza tuzungumze. Hili ndilo somo ambalo Marafiki wa Burundi walilipata kwa damu, na kila kazi yao ya baadaye inatoka hapo.

Baadaye Kibimba ikapata kamati ya amani yenye watu wa pande zote mbili. Walianza na mambo ya karibu: shule ifunguliwe, hospitali itumiwe na kila mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Marafiki wa Burundi na Rwanda wakatengeneza mafunzo ya siku tatu ya kuponya majeraha ya moyo, yanayojulikana kwa kifupi kama HROC. Wanaalikwa watu 20, 10 kutoka kila upande. Hawaanzi na kusameheana. Siku ya kwanza wanazungumza tu kuhusu jeraha: linafanya nini mwilini, kwa nini mtu halali, kwa nini anapiga watoto. Halafu wanachora mti wa kutoaminiana. Wenyewe ndio wanaotaja mizizi yake, kama uvumi, woga, njaa, uongo wa wakubwa, na wenyewe ndio wanaotaja matunda yake. Kisha wanachora mti wa kuaminiana, na wanaulizana nani ataupanda.

Mtu atauliza, hiyo inahusiana vipi na uchaguzi? Twende Kenya.

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Mwai Kibaki akatangazwa mshindi na kuapishwa jioni ileile, upande wa Raila Odinga ukakataa, na nchi ikawaka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Kabla Kofi Annan hajawapatanisha wakubwa mwishoni mwa Februari, zaidi ya watu 1,100 walikufa na zaidi ya 600,000 walihama makwao.

Makanisa hayakuwa na usafi wa kujivunia. Mengi yalikuwa yamejigawa kwa kabila kabla ya kura, na mwaka 2008 Baraza la Taifa la Makanisa la Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wake walipendelea pande. Kanisa likishajulikana ni la upande fulani, basi maneno yake ya amani hayasikiki tena upande wa pili.

Marafiki walikuwa katikati ya moto. Lugari na Turbo, ambako Waluhya, Wakalenjin na Wakikuyu wanaishi jirani, ni maeneo yenye makanisa yao. Mwishoni mwa Januari 2008, wakati hali bado ni mbaya, walikutana Kakamega na kuamua kufanya kazi ya amani pamoja. Hapo ndipo zikazaliwa timu za amani za Kanisa la Marafiki. Kwanza walipeleka chakula na vifaa kwa waliohama. Kisha wakakaa nao kuwasikiliza. Baadaye wakaleta HROC kutoka Burundi na Rwanda, pamoja na mafunzo mengine yaitwayo AVP kwa ajili ya vijana. Haya ya AVP yalianza mwaka 1975 katika gereza la Green Haven, jimbo la New York, wafungwa wenyewe walipowaomba Quaker wawasaidie kuwaepusha vijana na ukatili. Humo kila mshiriki anajipa jina lenye sifa nzuri, mfano Amani Amina, na watu wanaigiza ugomvi wa kweli wakitafuta njia ya kutoka.

Kwa hiyo uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulipokaribia, watu hawa walikuwa wanajulikana vijijini kwa miaka mitano tayari. Walitoa elimu ya uraia, na ilihitajika kweli, kwa sababu chini ya katiba mpya ya 2010 kila mpiga kura alipewa karatasi sita badala ya zile tatu za zamani. Waliwafunza raia wa kawaida kutoa taarifa mapema wakiona dalili za vurugu. Na siku ya kura walijitolea kuwa waangalizi.

Kazi ya mwangalizi haina makeke. Hagusi karatasi ya kura, hamwelekezi mtu, havai rangi ya chama. Anaandika tu. Kituo kimefunguliwa saa ngapi? Sanduku lilionyeshwa tupu kabla ya kufungwa? Mawakala wa vyama vyote wapo? Fomu ya matokeo imebandikwa mlangoni? Inaonekana ni kazi ya karani, lakini uvumi wa kura kuibwa hauzimwi na hotuba, unazimwa na mtu unayemwamini aliyekuwepo na aliyeandika. Na kama wizi ni wa kweli, maandishi ndiyo yanayokwenda mahakamani badala ya mapanga kwenda barabarani. Mwaka 2013 mlalamikaji alikwenda Mahakama ya Juu, akashindwa, akakubali. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyohiyo ilifuta uchaguzi wa rais, na fomu za matokeo zilikuwa sehemu kubwa ya kesi.

Tusiwatie chumvi. Utulivu wa 2013 ulikuwa na sababu nyingi: katiba mpya, mahakama mpya, kesi za The Hague, muungano wa Uhuru Kenyatta na William Ruto. Marafiki walikuwa uzi mmoja tu katika nguo. Mwaka 2017 watu waliuawa tena, Kisumu na Nairobi. Na Burundi, pamoja na kazi yote ile ya miaka 20, mwaka 2015 Pierre Nkurunziza aligombea muhula wa tatu na mamia ya maelfu wakakimbia nchi. Mafunzo ya siku tatu hayamzuii rais kung'ang'ania kiti. Yanachoweza ni kumfanya jirani akatae kumchoma jirani yake.

Turudi Juba. Ardhi hii siyo ngeni kwa kura ya amani. Kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari 2011 watu walipanga foleni tangu alfajiri kwenye kura ya maoni, na asilimia 98.83 wakachagua kujitenga. Wala siyo ngeni kwa upatanisho wa chini kwa chini: mwaka 1999 kule Wunlit, makanisa yaliwakutanisha Wadinka na Wanuer wakati vita bado vinaendelea.

Sisi je? Mkataba wa Afrika wa 1969 kuhusu wakimbizi unatutaka tufuate sheria za nchi inayotupokea na tusifanye vitendo vya kuivuruga. Kwa hiyo fulana ya chama siyo yetu, na uangalizi wa vituo tuwaachie wenye nchi. Lakini vipande vingine vya kazi ya Marafiki havihitaji kitambulisho cha kupigia kura. Kutosambaza sauti ya WhatsApp usiyojua imetoka wapi ni kazi. Kumpigia simu mtu aliyeko Gudele au Gorom umuulize ameona nini kwa macho yake ni kazi. Kukaa na kijana mwenyeji na kumsikiliza, wewe uliyeona kwenu mambo yalivyoanza, ni kazi kubwa zaidi, na wengi wetu tunazo lugha za kuifanya: Kiswahili, Kiarabu cha Juba, Kifaransa, Kirundi.

Na nyinyi wenzetu wa mashirika, ombi letu ni moja. Marafiki wa Lugari walisikilizwa mwaka 2013 kwa sababu walikuwa hapo tangu 2008. Msituletee semina wiki mbili kabla ya kura na mabango ya amani yenye nembo. Anzeni sasa, kaeni na wenyeji na wakimbizi kwenye chumba kimoja, na pesa ya kazi iendelee mwaka mzima baada ya matokeo, kwa maana Kibimba iliungua miezi minne baada ya kura.

Vijana wenzangu, kila mmoja amtaje mtu mmoja wa upande mwingine ambaye, uvumi ukianza, anaweza kumpigia simu akaaminiwa. Kama huna, tuanzie hapo wiki hii.