Shati na nesi

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu nilipogundua kuwa Kiingereza nakisoma tu, sikisikii. Mwalimu alitamka "ship", kisha "sheep". Mimi mtoto wa Mandawa nikasikia neno moja mara mbili. Nikaambiwa la pili ni refu, nikaivuta i yetu ileile. Kumbe kwenye "ship" ulimi nao hushuka kidogo.

Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha London kina zaidi ya mara mbili yake. Wazee wetu walikutana nacho kwa masikio: mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga, na Nachingwea, hapo jirani, ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Mwaka 1951 mpango ukafa.

Sasa tazama "shirt" na "nurse". Kwa Mwingereza irabu ni moja. Kwetu ikazaa shati na nesi, a na e! Wala si uzembe. Sauti ile haina kiti kwetu, kila neno likaketi lilipopata nafasi.

Siku hizi nikitulia naisikia "sheep". Simu ikikwaruza, narudi palepale.