Kadi ya Mchango na Sura ya Kiungo katika Nyamira

Katika nchi ya Abagusii, ambayo leo imegawanyika kati ya kaunti za Kisii na Nyamira, desturi ya kuitana kwa ajili ya kazi au mchango ni kongwe kuliko karatasi. Risaga, yaani kikundi cha majirani waliolimiana na kupaliliana mashamba, kiliitwa kwa mdomo na mwenye shamba mwenyewe, mtu aliyejulikana kwa uso na kwa ukoo, na ambaye asingeweza kudanganya kuhusu ukubwa wa kazi bila jambo hilo kubainika asubuhi ileile shambani. Mwaliko wa namna hiyo haukuhitaji kupambwa wala kuthibitishwa. Haja ya kuupa mwaliko sura, kwa maana ya kichwa, maelezo mafupi na alama ya kuaminika, ilizuka pale mchango ulipoanza kuombwa kwa watu wasiomwona mwombaji, na historia ya haja hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini leo kiungo cha tovuti kilichotumwa bila picha huweza kupitwa kimya katika kundi la WhatsApp lenye jamaa mia mbili.

Baada ya Jomo Kenyatta kuifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, wilaya ya Kisii, ambayo Nyamira ilikuwa sehemu yake hadi ilipotengwa kuwa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980, ilijenga shule nyingi za sekondari kwa michango ya wananchi. Chombo cha michango hiyo kilikuwa kadi ya harambee, karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili, ambayo upande wa mbele ilibeba jina la mradi, tarehe, mahali na jina la mgeni wa heshima, na ndani yake mistari yenye nambari kwa ajili ya jina la mchangaji, kiasi na sahihi. Kila sehemu ya kadi hiyo ilikuwa na kazi yake: jina la mgeni wa heshima lilionyesha uzito wa shughuli, muhuri wa kamati ulizuia kadi za kughushi, na mistari iliyokwisha kujazwa ilimwambia anayefikiwa sasa kwamba jirani yake ametoa shilingi ngapi, jambo ambalo, pasipo kumsingizia mtu yeyote, lilifungua mifuko mingi kuliko hotuba. Serikali nayo iliiwekea mipaka shughuli hiyo, kwanza kwa sheria ya kusimamia michango ya umma, kisha kwa Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, ambayo ilikataza maafisa kutumia vyeo vyao kuwabana watu watoe. Kilichobaki bila kubadilika katika miaka hiyo yote ni kwamba maneno ya upande wa mbele wa kadi yaliandikwa na kamati yenyewe, ikayasoma, ikayasahihisha na kuyapeleka kwa mpiga chapa.

Kuhama kwa mwaliko kutoka kadi hadi simu kulitokea kwa muda mfupi. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 na kuondoa ulazima wa fedha kupita mkono kwa mkono. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009 na kuanza kushusha gharama ya intaneti, ambayo hadi wakati huo ilitegemea setilaiti. Simu ya IDEOS ya Huawei, iliyouzwa nchini kuanzia 2011 kwa takriban shilingi 8,000, ilifungua njia ya simujanja za bei nafuu. Na mwaka 2012 ilianzishwa M-Changa, huduma ya Kenya inayompa mwombaji ukurasa wa mtandaoni wenye maelezo ya mchango na njia ya kulipa. Mwana wa Nyamira aliyeko Nairobi, Doha au Minneapolis akawa anapokea kiungo, yaani anwani ya ukurasa inayofunguka ikiguswa, ilhali baba yake alikuwa amepokea kadi. Ugatuzi wa mwaka 2013, uliozaa serikali za kaunti, uliongeza kurasa nyingine za kusambazwa: matangazo ya basari, nafasi za kazi na zabuni.

Hata hivyo kiungo kwa asili yake hakina upande wa mbele. Ni mfuatano wa herufi, na wakati mwingine tarakimu zisizo na maana kwa msomaji, na ndiyo maana mitandao ya kijamii ilianza mapema kuchora kando yake kisanduku chenye picha, kichwa na sentensi moja au mbili, ambacho hapa kitaitwa kadi ya kiungo. Mwanzoni Facebook ilikisia tu: programu yake iliusoma ukurasa, ikakusanya picha ilizozikuta, na mtu anayesambaza akachagua mojawapo, hata akaweza kubadilisha kichwa. Aprili 2010 kampuni hiyo ilitangaza kanuni iliyoitwa Open Graph, ambayo kwayo mwenye tovuti huandika ndani ya sehemu ya juu ya ukurasa, isiyoonekana na msomaji, lebo nne za msingi zinazotaja kichwa, aina ya ukurasa, picha na anwani yake rasmi, na aghalabu lebo ya tano ya maelezo. Twitter ilifuata mwaka 2012 na lebo zake yenyewe, huku ikikubali pia kusoma za Open Graph, na WhatsApp ikaanza kuonyesha kadi za viungo mwaka 2015. Tangu hapo mamlaka ya kuandika uso wa mwaliko yamerudi kwa mwenye ukurasa, lakini kwa njia ambayo wengi wa wenye kurasa hawajui kwamba wamekabidhiwa.

Matokeo yake ni makosa ya aina chache zinazojirudia. Ukurasa usio na lebo ya picha unaweza kuonyeshwa kwa nembo ya tovuti, au kwa tangazo la biashara lililokuwa pembeni, au bila picha kabisa. Tovuti iliyonakiliwa kutoka kiolezo cha mjenzi inaweza kutangaza kichwa cha mteja wa awali. Na ukurasa unaojengwa na kivinjari baada ya kufunguliwa, badala ya kutumwa ukiwa kamili kutoka kwenye seva, mara nyingi huonekana mtupu kwa programu za mitandao, kwa kuwa nyingi kati ya hizo husoma maandishi ya kwanza na kuondoka. Marekebisho yenyewe si magumu, na katika saiba yoyote ya Keroka au Nyamira mjini, ambako mhudumu hushinda akijaza ritani za kodi za KRA na maombi ya mikopo ya masomo ya HELB, hayazidi kazi ya nusu saa kwa anayeijua na mwenye ruhusa ya kuingia katika tovuti. Msimbo wa ukurasa hufunguliwa, lebo zikakaguliwa moja baada ya nyingine, anwani ya picha ikaandikwa kamili kuanzia itifaki hadi jina la faili badala ya kufupishwa, na picha ikakatwa kwa upana wa pikseli 1,200 na kimo cha pikseli 630, kipimo ambacho Facebook inapendekeza. Picha iliyosimama, kama ile ya pasipoti inayotumiwa sana katika matangazo ya mazishi, hukatwa juu na chini ikilazimishwa katika kipimo hicho, na marehemu akabaki pua na tai. Katika jamii ambayo picha ya marehemu huchaguliwa kwa makini na familia, kosa hilo si la kiufundi pekee.

Linalowachanganya wengi ni kwamba baada ya kusahihisha yote hayo kadi ya zamani huendelea kuonekana. Facebook huweka nakala ya ilichosoma mara ya kwanza, na huitumia hadi muda wake uishe au hadi mtu aiagize isome upya kupitia chombo chake cha ukaguzi, ambacho pia huorodhesha lebo zilizokosekana. Mafundi wengine huongeza alama ya kuuliza na herufi chache mwishoni mwa anwani ili mtandao uidhanie mpya. Ni ujanja wa fundi, lakini hufanya kazi.

Swali la nani aandike uso wa kiungo halikuisha mwaka 2010. Mwaka 2017 Facebook iliwaondolea wasambazaji wa kawaida uwezo wa kubadilisha kichwa, maelezo na picha ya kiungo, ikieleza kwamba walaghai walikuwa wakivisha habari za uongo mavazi ya magazeti ya kweli. Mwaka uliofuata Kenya ikapitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao, ambayo pamoja na mengine iliharamisha uchapishaji wa makusudi wa habari za uongo. Oktoba 2023 mtandao wa X, uliokuwa Twitter, uliondoa vichwa vya habari kwenye kadi zake na kubakiza picha na jina la tovuti, uamuzi uliolegezwa baadaye. Wala harambee yenyewe haikutulia, kwani Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza marufuku ya maafisa wa serikali kushiriki michango hiyo, na kwa hiyo lile jina la mgeni wa heshima, lililokuwa uzito wa kadi ya karatasi, likapungua thamani kama kivutio.

Kwa upande wa WhatsApp, ambayo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mialiko ya Gusii, kadi ya kiungo hutengenezwa ndani ya simu ya mtumaji wakati anapoandika ujumbe, kisha husafiri pamoja na ujumbe huo. Mweka hazina anayetuma kutoka mahali ambapo mtandao ni dhaifu, akibonyeza kitufe kabla kadi haijatokea, hupeleka anwani tupu, na hakuna marekebisho ya tovuti yatakayoifikia tena. Vivyo hivyo, ujumbe uliokwisha kutumwa ukiwa na picha isiyo sahihi hubaki nayo katika kila simu iliyoupokea. Kamati hulazimika kutuma kiungo upya, kuomba cha kwanza kifutwe, na kujibu maswali ya wale ambao tayari wamechanga kwa kufuata kile cha kwanza.