Kulea Mimba Nako Ni Kazi

Wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Juma hili nitabishana nao kidogo, na shahidi wangu ni sinema.

Sinema za kufundisha uzazi na malezi hazikuanza jana katika nchi hii. Mwaka 1935 wamisionari, kwa baraka za serikali ya kikoloni na fedha za shirika la Carnegie la Marekani, walifungua kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Mpaka kituo kinafungwa mwaka 1937, filamu kama 35 zilikuwa zimetoka na kuzungushwa kwa lori sehemu nyingi. Sauti haikuwa ndani ya filamu, ilitoka kwenye santuri, na mojawapo ya lugha zake ilikuwa Kisukuma. Filamu moja ilihusu malaria ya watoto wachanga.

Nia ilikuwa njema. Lakini lilikuwa somo: mkubwa anasema, mwananchi anasikiliza. Na somo la mtoto, kwa desturi yetu, baba humwachia mama.

Wamarekani wao walipita njia ya kicheko. Mwaka 1987 walitoa Three Men and a Baby, wanaume watatu wanaoachiwa kichanga mlangoni. Mwaka 1994 ikatoka Junior, ambamo Arnold Schwarzenegger, lile pande la mtu tulilozoea kuliona na bunduki, anabeba mimba! Ni upuuzi mtupu, lakini upuuzi wenye akili. Mwanamume akimcheka Arnold anavyotapika na kulia ovyo, njiani kurudi nyumbani atamkumbuka mkewe.

Nasi tulifika huko, kwa mtindo wetu. Mwaka 2011 ilitoka Chumo, filamu ya Kiswahili iliyoongozwa na Jordan Riber na kuchezwa na Jokate Mwegelo. Ni hadithi ya mapenzi, na ndani yake mna malaria kwa mjamzito. Ugonjwa ni ule ule wa Vugiri, ila safari hii hakuna anayehubiriwa. Mtazamaji anafuata mapenzi, na somo linamwingia bila kubisha hodi.

Kwetu Ilemela jambo hili si la mbali. Kanda ya Ziwa inaijua malaria. Kwa mjamzito huleta upungufu wa damu, huharibu mimba, au mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Kinga yake si siri: chandarua chenye dawa, na vidonge vya SP vinavyotolewa kliniki.

Basi wewe baba wa Igombe, wa Kayenze, nawe unayeshinda Mwaloni Kirumba ukihesabu magunia ya dagaa: mara ya mwisho kumsindikiza mama kliniki ilikuwa lini? Wahenga tunawaheshimu, lakini methali hii nadhani ilitungwa na mwanamume. Angeibeba yeye miezi tisa, angeisema vingine.