Mtaa Uliojengwa Bila Kanisa



Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukikusanya mawe ya msingi wa kigango chetu kipya, mama mmoja alitua karai lake akaniuliza: “Baba Paroko, hivi kuna mahali pengine duniani ambapo watu wamejenga kanisa kwa kubeba mawe kwa mikono yao namna hii?” Nilimwahidi kumjibu kwa maandishi. Jibu langu, mama, ni Nowa Huta.

Nowa Huta ni sehemu ya jiji la Krakow, nchini Poland, na maana ya jina lake ni kiwanda kipya cha chuma. Ujenzi wake ulianza mwaka 1949, miaka minne tu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati serikali ya kikomunisti ilipotwaa mashamba yenye rutuba ya wakulima ili ijenge kiwanda kikubwa cha chuma pamoja na mji wa wafanyakazi wake. Mwaka 1951 mji huo uliunganishwa na Krakow. Mwaka 1954 tanuru la kwanza liliwashwa, na kiwanda kikapewa jina la Lenin. Madini ya chuma yalitoka Umoja wa Kisovieti na makaa ya mawe yalitoka Silesia, kwa hiyo watu wengi wamejiuliza kwa nini kiwanda kiliwekwa hapo. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba watawala walitaka kuweka jeshi la wafanyakazi ubavuni mwa Krakow, jiji la kale la wasomi na makanisa, ambalo halikuwapenda.

Lakini tuwe waadilifu. Vijana waliofika pale walikuwa watoto wa wakulima maskini. Wengi wao walianza kwa kulala katika mabweni ya mbao na kutembea katika matope. Baadaye walipata nyumba zenye maji ya bomba na joto wakati wa baridi, shule, hospitali na ukumbi wa michezo ya kuigiza. Barabara pana zilitawanyika kutoka katika uwanja mkuu kama vidole vya mkono, na miti ilipandwa kila mahali. Hadi leo wazee wa mtaa ule wanaupenda, nami siwezi kuwalaumu. Mtu aliyelala kwa mara ya kwanza chini ya paa lisilovuja hasahau aliyempa paa hilo.

Kitu kimoja tu hakikuwamo katika ramani: kanisa. Mji ulikusudiwa kuwa wa watu wasiomhitaji Mungu. Wakati huohuo, pembeni kabisa, katika kijiji cha Mogiła, palikuwa na monasteri ya tangu karne ya 13, nayo haikuweza kuutosha umati ule mkubwa uliokuwa ukiongezeka.

Mwaka 1956, utawala ulipolegea kidogo, ruhusa ya kujenga kanisa ilitolewa. Mwezi Machi 1957 waamini walisimamisha msalaba wa mbao kwenye kiwanja walichoonyeshwa. Kisha ruhusa ikafutwa, ikaamriwa kwamba ijengwe shule mahali pale. Tarehe 27 Aprili 1960 mafundi walifika kuung’oa msalaba. Waliotangulia kuwazuia walikuwa akina mama. Jioni, wanaume walipotoka kazini, umati ukawa mkubwa, polisi wakatumia mabomu ya machozi na maji, na ghasia zikadumu hadi usiku. Mamia ya watu walikamatwa na makumi wakafungwa. Hata hivyo msalaba ulibaki pale.

Tutambue waliofanya hivyo ni nani. Hawakuwa mabwanyenye waliopoteza mali zao. Walikuwa ndio wale wafanyakazi ambao mji ulijengwa kwa jina lao.

Askofu msaidizi wa Krakow wakati huo aliitwa Karol Wojtyła, ambaye mwenyewe alikuwa amefanya kazi katika machimbo ya mawe na katika kiwanda cha kemikali wakati wa vita. Kuanzia Noeli ya mwaka 1959 alikwenda Nowa Huta kuadhimisha Misa ya usiku uwanjani, katika baridi kali. Hakuwahutubia kwa hasira. Aliendelea kwenda, na aliendelea kuomba kibali. Kibali kilipatikana mwaka 1967, kwa kiwanja kingine kilichopo Bieńczyce. Papa Paulo VI alitoa jiwe kutoka Basilika la Mtakatifu Petro liwe jiwe la msingi. Kwa miaka kumi waamini na watu wa kujitolea walifanya kazi, wengi baada ya zamu zao za kiwandani. Kuta za nje zimefunikwa kwa vijiwe vya mtoni vipatavyo milioni mbili, vilivyookotwa na kuletwa na waamini. Ndani yake imo sanamu ya Bikira Maria iliyotengenezwa kwa vipande vya chuma vilivyotolewa katika miili ya askari wa Poland waliojeruhiwa Monte Cassino mwaka 1944. Tarehe 15 Mei 1977 Kardinali Wojtyła alilitabaruku kanisa hilo, ambalo watu huliita Safina ya Bwana kwa sababu ya umbo lake.

Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa Papa; ndiye Yohane Paulo II aliyetutembelea Tanzania mwezi Septemba 1990. Aliporudi kwao mwaka 1979, serikali haikumruhusu kufika katika kanisa lile. Alifika Mogiła tu, na katika mahubiri yake hapo, tarehe 9 Juni, alitumia maneno ambayo sasa tumeyazoea: uinjilishaji mpya.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya machungu. Wafanyakazi wa Nowa Huta walijiunga kwa wingi na chama cha Mshikamano. Utawala wa kijeshi ulipotangazwa mwezi Desemba 1981, mgomo wao ulivunjwa kwa vifaru. Tarehe 13 Oktoba 1982 Bogdan Włosik, kijana wa miaka 20, mfanyakazi wa kiwanda kilekile, alipigwa risasi na afisa wa usalama karibu na Safina, akafa.

Sanamu kubwa ya Lenin iliyowekwa mwaka 1973 iliondolewa Desemba 1989, ikanunuliwa na kupelekwa katika bustani ya burudani nchini Sweden, jambo ambalo kwa kweli hakuna aliyelitabiri. Barabara iliyokuwa na jina lake sasa inaitwa Barabara ya Mshikamano. Tanuru kubwa la mwisho lilifungwa kabisa mwaka 2020, na maelfu ya familia zilizoishi kwa moshi wake zimelazimika kutafuta riziki kwingine. Watoto wa wale waliookota vijiwe vya mtoni ni watu wazima sasa, na wengine wamewaleta wajukuu kubatizwa katika Safina.

Jumamosi ijayo tutaanza saa mbili asubuhi. Mwenye karai la ziada alilete.