Kabla ya Bond, Léopoldville ilikuwa na Daphne Park

Filamu ya kwanza ya James Bond, Dr. No, ilianza kuonyeshwa London Oktoba 1962, na wengi wakamkumbuka Ursula Andress akitoka baharini na kisu kiunoni. Kwa miaka mingi kazi ya wanawake katika filamu za Bond ilikuwa kupendeza, kuokolewa, au kuuawa ili shujaa apate kisa cha kulipiza. Mwaka 1995, katika GoldenEye, Judi Dench alikalia kiti cha M, mkuu wa majasusi. Mwaka 2021 namba 007 yenyewe alipewa mwanamke mweusi, aliyeigizwa na Lashana Lynch.

Mabadiliko hayo yalisifiwa kama jambo jipya. Lakini tangu 1959, kabla filamu hata moja haijatengenezwa, jasusi wa MI6, idara ya ujasusi ya Uingereza, mjini Léopoldville (Kinshasa ya leo) alikuwa mwanamke. Daphne Park alikulia Tanganyika, ambako baba yake alitafuta dhahabu. Mwenyewe alisema alifanana na mmisionari mnene, na sura hiyo ilimfaa sana kazini. Aliendesha Citroën 2CV, na inasimuliwa kwamba ndani ya buti ya kigari hicho alimtorosha Damien Kandolo, katibu wa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo.

Hapa Lubumbashi habari zake zinatugusa penye kidonda. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake Mpolo na Okito walishushwa katika uwanja wetu wa ndege wa Luano, wakateswa katika Villa Brouwez, na usiku huohuo wakapigwa risasi Shilatembo. Waliofyatua ni watu wa Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Mwaka 2013 Lord David Lea aliandika kwamba Park, miezi michache kabla ya kufa mwaka 2010, alimwambia kuwa yeye ndiye aliyepanga kifo cha Lumumba. Hakuna hati iliyothibitisha maneno hayo.

Kwa hiyo kumpa mwanamke bastola na cheo hakutoshi. Park alikuwa hodari, na uhodari wake wote aliutumia kwa faida ya Uingereza.

Ninayemlilia ni Andrée Blouin. Alizaliwa 1921, mwaka uleule wa Park, huko Oubangui-Chari (Jamhuri ya Afrika ya Kati ya leo). Mwaka 1960 alizunguka Kongo akiwaandikisha akina mama katika harakati za uhuru, kisha akawa mkuu wa itifaki wa Lumumba. Magazeti ya Ulaya hayakutaka kuona mwanasiasa. Yalimwandika kama hawara wa wakubwa, mrembo wa hatari aliyetumwa na wakomunisti. Yaani alifanywa mwanamke wa Bond kabla Bond hajafika sinema, naye akafukuzwa nchini.

Mwaka 2024 Mbelgiji Johan Grimonprez alitoa Soundtrack to a Coup d'Etat, filamu iliyoteuliwa kuwania Oscar, na humo Park na Blouin wote wamo. Walimu na wenye kumbi za Lubumbashi, ionyesheni kwa vijana wetu, na maelezo yake yawe kwa Kiswahili.