Jozi: neno la viatu, ng'ombe na nira

Jozi ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja, ambavyo kimoja peke yake hakitoshi kwa kazi. Tunasema jozi ya viatu, jozi ya soksi, jozi ya ng'ombe wa kulima. Vitu viwili tu si jozi. Viatu viwili vya mguu wa kushoto ni viwili kweli, lakini nani atavinunua? Huku Banalia, kama Kisangani, sokoni utasikia pia paire, neno la Kifaransa, na jozi tunakutana nalo hasa Biblia inaposomwa.

Kiswahili kililipata neno hili kwa Kiarabu. Kiarabu cha vitabuni husema zauj, lakini katika usemi wa kila siku wa nchi kadhaa sauti zimebadilishana nafasi, likawa joz, na hilo ndilo linalofanana na letu. Waarabu nao walilipokea kwa njia ya Kiaramu, na Kiaramu kutoka Kigiriki: zeugos, yaani wanyama wawili waliofungwa chini ya nira moja. Katika Kiarabu neno hili laweza pia kuwa na maana ya mume au mke. Maana hiyo haikuingia kwetu. Ukiwaita maarusi "jozi" kanisani, watu watafikiria viatu.

Kiswahili chenyewe kilifika mto Aruwimi miaka ya 1880, pamoja na wafanyabiashara waliotoka Zanzibar, watu wa Tippu Tip.

Katika Luka 14:19 mtu mmoja anakataa karamu kwa sababu amenunua jozi tano za ng'ombe. Luka aliandika zeugos, kwa hiyo watafsiri wa Kiswahili walirudisha mtoto kwa babu yake, pengine bila kujua. Tena tuhesabu vizuri: jozi tano ni ng'ombe kumi. Huyo si maskini mwenye udhuru wa kweli, ni tajiri.

Shida yetu ni kwamba katika msitu huu hatulimi kwa ng'ombe. Shamba la muhogo na mpunga ni kazi ya panga na jembe. Kwa hiyo nira inabaki neno la mahubiri, na wengi huisikia katika 2 Wakorintho 6:14 tu, tena kama katazo la ndoa. Paulo hasemi ndoa pale. Neno lake la Kigiriki lataja kufungwa nira na asiye wa namna yako, na nyuma yake iko sheria ya Kumbukumbu la Torati 22:10, kutolima kwa ng'ombe na punda pamoja. Ndoa imo, lakini biashara na urafiki wa kazi pia vimo. Anayetaka mfano wa huku aangalie watu wawili wanaobeba mzigo kwa mti begani: mmoja akiwa mrefu na mwingine mfupi, mzigo huteremkia kwa mfupi, naye ndiye anayeumia.

Yesu alipowatuma wale Kumi na Wawili, Marko 6:7 haitumii jozi. Inasema wawili wawili, na Kigiriki pale hurudia namba vilevile kama sisi. Twaona neno hilo ni la kufuatwa hata katika bajeti. Mwinjilisti anayetumwa peke yake njia ya Buta kwa sababu pesa ya safari inamtosha mmoja, akishikwa na malaria njiani nani atamtunza? Na akisingiziwa, shahidi wake ni nani?

Mahali pengine nira imefichika. Katika Wafilipi 4:3 Paulo anamwomba mtu awasaidie Euodia na Sintike, wanawake wawili waliotumika pamoja kisha wakakosana. Biblia yetu ya Union Version inamwita mtu huyo mjoli, yaani mtumishi mwenzake. Kigiriki ni syzygos, aliyefungwa nira moja na mwingine, neno la ukoo mmoja na zeugos. Wafasiri wengine hudhani lilikuwa jina lake hasa.