Asidi Amino na Safari ya Atomi ya Florini

Henri Moissan alifanikiwa kuitenga florini mjini Paris mwaka 1886, na kwa miongo kadhaa ikabaki gesi ya kuogopwa. Thamani yake katika tiba ilidhihirika mwaka 1954, Josef Fried na Emily Sabo walipoonyesha kuwa atomi moja tu ya florini, ikitiwa mahali panapofaa kwenye haidrokotisoni, huipa dawa hiyo nguvu kubwa zaidi. Likabaki suala la upande. Molekuli nyingi zina maumbo mawili yanayolingana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na mwili hauyapokei kwa namna moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilipatikana vitendanishi vya unga, Selectfluor na NFSI, vinavyotoa florini bila hatari ya gesi. Mwaka 2000 Lukas Hintermann na Antonio Togni, wa Zürich, walitumia kichocheo cha titani kuchagua upande. Mwaka huohuo Benjamin List, Richard Lerner na Carlos Barbas walionyesha kuwa prolini, asidi amino ya kawaida, inaweza kuongoza mmenyuko wa aldoli bila metali yoyote. David MacMillan naye alitengeneza kichocheo chake kutokana na fenilalanini. List na MacMillan walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Kwenye florini, hata hivyo, prolini yenyewe ilifanya vibaya. Huungana na aldehidi au ketoni kuunda enamini, kisha kundi lake la asidi huvuta kitendanishi upande mmoja. Mbele ya vitendanishi vya florini mvuto huo haukutosha. Mwaka 2005 kundi la Karl Anker Jørgensen huko Aarhus liliondoa kundi hilo la asidi na kuweka badala yake pete mbili kubwa zenye trifluorometili, ambazo huziba kabisa uso mmoja wa enamini. Asilimia 1 ya kichocheo ilitosha. Mwaka huohuo MacMillan na Teresa Beeson, wakitumia NFSI, walipata uteuzi wa asilimia 91 hadi 99.

Ubunifu mkubwa zaidi, pengine, ulikuwa katika kulilinda zao. Kaboni iliyopokea florini bado ina haidrojeni moja; kichocheo kikiirudia, florini ya pili huingia au upande hupotea. Ukubwa wa kichocheo huzuia marudio hayo, na aldehidi hubadilishwa mara moja kuwa alkoholi kwa sodiamu borohaidridi.

Mwaka 2014 kundi la Dean Toste huko Berkeley lilizigeukia sikloheksanoni zenye tawi, likiunganisha asidi amino iliyokingwa na asidi ya fosfori yenye upande, ambayo huibeba Selectfluor hadi kwenye kiyeyusho isimoyeyuka yenyewe. Kaboni inayopatikana haina haidrojeni ya kupoteza, hivyo upande wake haugeuki.